Mjumbe wa Kisiwa Kidogo na Mali ya Chini ya Bahari

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa visiwani wakaao Mtwara, Mikindani na Msimbati





 Wamo humu waliotia nanga usiku wa jana, na wamo waliofunga maduka kabla ya wakati wake, na sisi wenye duka twajua gharama ya mlango uliofungwa mchana. Kwa hivyo hatutawachosha kwa maneno ya kusisimua. Tumekuja na habari za mtu mmoja, na ndani ya habari hizo limo suali ambalo nyinyi wenyewe mmekuwa mkiulizana barazani na ufukoni.

Suali lenyewe ni hili: bahari hii ni ya nani? Hatuulizi juu ya maji yake tu, ambayo tangu zama za wazee wetu kila mwenye chombo aliyapita kwa tanga lake, akenda Kilwa, akenda Ngazija, akarudi. Tunauliza khasa juu ya kilicho chini yake. Hapa karibu yetu, katika Ghuba ya Mnazi, gesi iligunduliwa mwaka 1982. Huko mbele penye vilindi, tangu mwaka 2010, imegunduliwa gesi nyingi mno kuliko hiyo ya kwanza. Mvuvi wa Msimbati avua juu yake, na mvuvi wa Pemba aliyekuja kwa msimu avua juu yake, na kila mmoja ausikia utajiri ukitajwa kwa hesabu ambazo ulimi wake haujazoea kuzitamka. Je, ana fungu humo? Na kama analo, limeandikwa wapi?

Mwenye kulijibu suali hili kwa hasira hupigiwa makofi, kisha watu hutawanyika. Mwenye kulijibu kwa sheria huenda asipigiwe makofi, lakini hupata mahali pa kusimama. Mtu tutakayemtaja leo alikuwa wa namna hiyo ya pili. Alikuwa msomi wa sheria, akageuka balozi, akakisemea kisiwa kidogo kisichokuwa na jeshi la kutisha wala hazina ya kununulia marafiki, na maneno yake yakabadili sheria ya bahari ya dunia nzima.

Mtu huyo ni Dokta Arvid Pardo, mjumbe wa Malta katika Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1964 hadi mwaka 1971.

Alizaliwa Roma tarehe 12 Februari 1914. Baba yake alikuwa Mmalta na mama yake Mswidi. Wazazi wote wawili walimfia angali mtoto, akalelewa chini ya usimamizi wa rafiki wa baba yake, Bernardo Attolico, aliyekuwa balozi wa Italia. Alisoma tarikh katika Chuo Kikuu cha Tours huko Ufaransa, kisha akapata shahada ya udaktari wa sheria za mataifa katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1939. Vita vikuu vilipozuka aliingia katika kundi la waliokuwa wakiupinga ufashisti. Mwaka 1940 akakamatwa na serikali ya Italia, na baadaye akaangukia mikononi mwa polisi wa siri wa Kijerumani, akahukumiwa kufa. Hukumu ile haikutimizwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa yu hai, na mikononi hana kitu ila elimu yake.

Umoja wa Mataifa ulikuwa ndio kwanza unaanzishwa. Akaajiriwa humo, na kazi yake ya awali ilikuwa kutunza nyaraka. Tunawaomba vijana wasiidharau kazi hiyo. Mtunza nyaraka hujua nani aliahidi nini, lini, na kwa maneno gani. Ni kama mwenye kushika daftari la duka, ambaye hahitaji kupaza sauti, kwa kuwa deni limekwisha andikwa. Kutoka hapo akahamia idara iliyoshughulikia nchi zilizo chini ya udhamini na zile zisizojitawala, na Tanganyika ilikuwa moja ya nchi za udhamini wakati huo. Kisha akatumwa katika kazi za misaada ya ufundi, zilizomfikisha Nigeria na Ecuador. Kwa hivyo, alipokuja kuwa balozi alikuwa amekwisha kaa karibu miaka 20 akitazama jinsi wakubwa wanavyosema na jinsi wadogo wanavyonyamazishwa.

Malta ilipata uhuru wake tarehe 21 Septemba 1964, ikaingia katika Umoja wa Mataifa tarehe 1 Desemba mwaka huo huo, na Dokta Pardo akawa mjumbe wake huko. Nchi yenyewe ni visiwa vyenye eneo la kilomita za mraba 316 tu, yaani kiasi cha thuluthi moja ya Pemba. Haina mto unaotiririka mwaka mzima. Lugha ya wenyeji ina asili ya Kiarabu, na bahari wao huiita bahar, kwa hivyo hata sisi tungelifika huko tusingelipotea sana.

Ndugu wanachama, zilinganisheni tarehe hizo na zetu. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 16 ya mwezi ule ikapewa kiti chake katika Umoja wa Mataifa, karibu mwaka mzima kabla ya Malta. Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ukaja Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, na viti viwili vikawa kiti kimoja. Hatusemi haya ili kufungua kilio. Twasema ili mjue kwamba kiti si kitu kidogo. Wenzetu wa Malta walikipata, nao wakamweka juu yake mtu aliyejua la kukifanyia. Hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, kwani viti vitupu viko vingi duniani.

Sasa tueleze alikuta nini.

Desturi ya zamani ilikuwa kwamba dola huihesabu kuwa yake bahari ya maili tatu hivi tangu pwani, na zaidi ya hapo ni bahari kuu, iliyo huru kwa wote. Neno hilo, huru kwa wote, ni tamu masikioni. Lakini uhuru wa kupita si sawa na uhuru wa kuchimba. Njia ya kijiji ni huru kwa wote, wala hakuna aruhusiwaye kuja na majembe akaichimbua akaenda nayo kwake. Mwaka 1958, mjini Geneva, mataifa yaliandika mkataba juu ya ile sehemu ya sakafu ya bahari inayoendelea na nchi kavu. Mkataba ukasema kuwa dola ya pwani ina haki ya kuchimba hadi kina cha mita 200, au zaidi ya hapo, kadiri kina kinavyoruhusu mali hiyo kuchimbwa.

Litazameni neno hilo "au". Ni kama kuwaambia watu wa mji mmoja kwamba mpaka wa shamba la kila mtu ni pale jembe lake litakapofika. Mwenye jembe la mkono atapata hatua chache. Mwenye trekta atalichukua bonde zima, na sheria itakuwa upande wake. Mwaka 1958 zana za kufika vilindini zilikuwa chache; mwaka 1967 zilikuwa zinakuja mbio, na wenye kuzitengeneza walikuwa wachache wanaojulikana. Nchi nyingi za Afrika na Asia ndio kwanza zilikuwa zimeshusha bendera za wakoloni juu ya ardhi yao. Zilikuwa karibu kuona bendera zile zile zikizamishwa chini ya bahari.

Tarehe 17 Agosti 1967 ujumbe wa Malta ulipeleka barua kutaka jambo hili litiwe katika shughuli za Baraza Kuu. Tarehe 1 Novemba 1967 Dokta Pardo alisimama katika Kamati ya Kwanza akalieleza. Alianza asubuhi, akaendelea hadi mkutano wa mchana. Hakutukana dola yoyote. Alieleza kwanza umbo la sakafu ya bahari, mabonde yake na milima yake. Akaeleza mawe ya mviringo yaliyotandazwa katika vilindi, mfano wa viazi, ambayo ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti, na ambayo hukua polepole kwa mamilioni ya miaka. Akaeleza jinsi majeshi yanavyoweza kuzificha silaha chini ya maji. Akaeleza hatari ya kutupa baharini taka zenye sumu ya atomiki. Kisha akaonyesha kuwa sheria iliyopo haina nguvu ya kuzuia lolote katika hayo.

Baada ya kuijenga hoja yake jiwe kwa jiwe ndipo akasema anachokitaka: sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya dola ihesabiwe kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu; asiwepo wa kuimiliki; itumiwe kwa amani tu; kiwepo chombo cha mataifa yote cha kuisimamia; na faida yake itangulie kuwafikia walio maskini.

Hesabu za utajiri wa mawe yale, alizozichukua kwa wataalamu wa wakati huo, zilizidi kiasi, na uchimbaji wake wa biashara haukuja upesi kama ilivyodhaniwa. Lakini hoja yake ilikuwa juu ya kanuni, na kanuni haina haja ya kungoja bei ya sokoni.

Hapa twataka kusimama kidogo katika neno "urithi", kwa sababu kwa lugha yetu laweza kutupoteza. Sisi tuliosoma chuoni, tukisikia urithi, twafikiri mirathi: mtu amekufa, mali yahesabiwa, kila mwenye fungu apewa fungu lake, nusu, robo, thumni, na baada ya hapo kila mmoja aenda zake. Lau Dokta Pardo angelikusudia hivyo, bahari ingelikatwa mafungu na kugawanywa, na mwenye kisu kikubwa ndiye angelikata. Alikusudia kinyume chake. Alijiepusha na neno "mali" kwa makusudi, kwani katika sheria ya Kirumi mwenye mali ana haki ya kuitumia na ana haki ya kuiharibu pia. Yeye alitaka kitu ambacho kila mtu anafaidika nacho na hapana mtu aliye na ruhusa ya kukiharibu.

Ndugu zangu, kitu hicho sisi twakijua, na tuna neno lake. Kitu hicho ni wakfu. Kisima kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Maji yake hunywewa na mpita njia na mwenye nyumba ya jirani kwa haki moja. Yuko msimamizi, lakini msimamizi si mwenyewe, naye huulizwa: umekusanya nini, umetengeneza nini, umempa nani? Na waliokusudiwa kunufaika wamo hata wale ambao hawajazaliwa. Mmalta yule, aliyesoma sheria zake Roma, aliyafikia kwa njia yake maana ambayo mtoto wa chuoni wa Mikindani anaweza kuifahamu kwa siku moja.

Basi ikawaje?

Mwezi wa Desemba 1967 Baraza Kuu liliunda kamati ya kulichunguza jambo hilo. Tarehe 17 Desemba 1970 likapitisha azimio la kanuni, likisema kuwa sakafu ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya dola ni urithi wa pamoja wa wanadamu. Walioliunga mkono walikuwa 108, waliolipinga hakuna hata mmoja, na waliojizuia walikuwa 14. Nchi ya thuluthi ya Pemba ilikuwa imesema, na kwa muda wa miaka mitatu dunia ikakosa wa kusimama wazi na kusema "sikubali".

Mwaka 1971 serikali ya Malta ilibadilika kwa uchaguzi, na Dokta Pardo akaondoka katika ubalozi. Lakini shughuli haikuondoka pamoja naye, kwa kuwa alikuwa amekwisha itia katika maandishi ya mataifa. Chama chochote kinachopenda kudumu kilitazame hilo. Jambo lililowekwa katika kifua cha mtu mmoja hufa naye au hustaafu naye. Jambo lililoandikwa hupata wenye kulibeba.

Na waliolibeba wamo wa kwetu Afrika. Mwaka 1971, mjini Colombo, mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, alitoa rai kwamba dola ya pwani ipewe haki ya kiuchumi katika maili 200 za bahari yake, na mwaka 1972 Kenya ikaipeleka rai hiyo katika kamati ya Umoja wa Mataifa. Mkutano mkuu wa sheria ya bahari ulianza mwaka 1973, ukenda hadi tarehe 10 Desemba 1982, ulipotiwa saini mkataba huko Montego Bay, Jamaica. Siku hiyo pekee zilitiwa saini 119. Mwaka 1983 ilipoundwa tume ya kutayarisha chombo cha kusimamia sakafu ya bahari, mwenyekiti wake alikuwa mwanasheria wa Tanzania, Joseph Warioba. Mwaka 1987 aliyeshika nafasi yake ni José Luis Jesus wa Cape Verde, ambaye naye ni mwanasheria aliyegeuka balozi, wa visiwa vidogo vya bahari ya magharibi. Mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari ilipofunguliwa Hamburg mwaka 1996, Warioba alikuwa miongoni mwa majaji wake hadi mwaka 1999; mwaka huo Jesus akachaguliwa, na tangu mwaka 2008 hadi 2011 akawa rais wa mahakama hiyo. Mwaka 2005 akachaguliwa Mtanzania mwingine, James Kateka. Kwa hivyo asije mtu akawaambia kwamba mambo haya ni ya Wazungu na sisi hatumo.

Mkataba ule ulianza kutumika tarehe 16 Novemba 1994. Tanzania ilikuwa imekwisha uridhia tangu tarehe 30 Septemba 1985. Kwa ufupi wasema hivi: maili 12 tangu pwani ni bahari ya dola, hadi maili 200 dola ina haki ya samaki na ya mali iliyo chini, na nje ya mamlaka za dola zote, sakafu ya bahari ni urithi wa pamoja, nao wasimamiwa na chombo chenye makao yake Kingston, Jamaica.

Dokta Pardo hakufurahi. Hili lazima tuliseme, kwa sababu mwenye kusifu bila ya kusema yote hudanganya. Aliona kuwa maili 200 zimechukua karibu kila chenye thamani iliyo karibu, samaki, mafuta na gesi, na kuuachia ulimwengu mawe machache yaliyo gizani. Alitamani bahari yote iwe wakfu, wakagawana sehemu iliyo nono na wakaiweka wakfu iliyobaki. Alifariki Houston, Texas, tarehe 19 Juni 1999, na majuto hayo alikuwa nayo.

Je, sisi tuseme nini? Lau si maili hizo 200, mitambo ya kigeni ingelifika mbele ya Msimbati na kuchimba bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Kwa dola changa, maili zile zilikuwa ngao. Kwa hivyo hatuwezi kumlaumu Njenga. Lakini hofu ya Dokta Pardo nayo ni ya haki. Sheria imeikabidhi mali kwa dola, haikuikabidhi kwa mtu wa pwani. Mkataba wa Montego Bay una vifungu 320, na hakuna hata kimoja kinachoitaja Msimbati, wala Mkoani, wala Nungwi. Umesema "dola ya pwani", ukanyamaza. Kinachofuata baada ya kimya hicho ni kazi yetu.

Pwani hii imekwisha onja ladha ya kimya cha namna hiyo. Tazameni ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma, pale Kionga. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua pembe ile ya nchi. Mwaka 1916, vita vikiendelea, Wareno wakaitwaa. Mwaka 1919 wakubwa walioshinda vita wakakaa mezani Ulaya, wakathibitisha kuwa ni ya Wareno. Bendera imegeuzwa juu ya watu wale wale, wenye mashamba yale yale na makaburi yale yale, wala hakuna mjumbe wao aliyeitwa kusema.

Na tazameni Msimbati yenyewe. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, Mwingereza mmoja aliyehamia huko, Latham Leslie-Moore, alitangaza kuwa mahali pale ni nchi huru, akawa na bendera yake. Hakuna dola iliyomtambua, na leo wengi wenu habari zake hamzijui. Bendera alikuwa nayo, watu nyuma yake hakuwa nao, na sheria mbele yake hakuwa nayo.

Mpaka wa baharini baina ya Tanzania na Msumbiji uliwekwa kwa mapatano ya tarehe 28 Desemba 1988. Ulipigwa mstari mdomoni mwa ghuba ya Ruvuma, tangu Ras Mwambo upande wetu hadi Cabo Suafo upande wa pili, na kutoka katikati ya mstari huo mpaka ukaelekea baharini. Nchi mbili zimeelewana bila ya risasi, nasi twawasifu. Lakini ni wangapi kati yenu, mnaotega nyavu karibu na mahali hapo, mliowahi kuonyeshwa ramani yake? Mwaka 2000 ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650. Mvuvi huitambua mipaka yake siku anapoambiwa kuwa amekwisha ivuka.

Mwaka 2013 watu wa Mtwara walisimama juu ya habari ya gesi na bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Januari waliandamana, Mei kukawa na machafuko, na watu wakapoteza maisha. Bomba lilijengwa, na mwaka 2015 likaanza kazi. Hatukuja kuhukumu nani alianza na nani alizidisha. Twasema tu kwamba watu walipiga kelele nje ya mlango wa chumba ambacho ndani yake mikataba ilikuwa imekwisha somwa na kutiwa saini. Na gharama ya kukaa nje ililipwa kwa roho za watu.

Upande wa visiwani mambo yalikwenda kwa kalamu vile vile. Mwaka 1968 mafuta na gesi asilia viliongezwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa miaka mingi Wazanzibari wakanung'unika, na manung'uniko hayakuifuta sentensi ile. Kilicholeta mabadiliko ni kalamu nyingine: sheria ya mwaka 2015 iliyoipa Zanzibar kusimamia mafuta na gesi yake yenyewe, na sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 2016 iliyofuatia. Kama hayo yatosha au hayatoshi, tutajadiliana siku nyingine. Leo tushike hili moja, kwamba lililofungwa kwa maandishi lilifunguliwa kwa maandishi.

Watakuja watu waseme: sheria ni ya wakubwa, huivunja wapendapo. Wana ushahidi. Marekani hadi leo haijauridhia mkataba ule. Mwaka 1994 masharti ya kuchimba sakafu ya bahari yalilegezwa ili kuziridhisha nchi zenye viwanda. Lakini neno la urithi wa pamoja halikufutwa, limebaki katika kifungu cha 136, na kila anayetaka kulikiuka hulazimika kujieleza. Mwizi anayelazimika kujieleza hajashindwa, lakini hayuko raha.

Na wengine watasema: kisiwa kidogo kikipata sauti ndiyo imekwisha. Nao hawakuona mbali. Mwaka 2021 kisiwa cha Nauru, kikidhamini kampuni ya kigeni, kilitoa taarifa ya kuharakisha kanuni za kuchimba vilindi. Visiwa vingine vya bahari hiyo hiyo, Palau, Fiji na Samoa, vikasimama mwaka 2022 kutaka uchimbaji uahirishwe. Vyote ni visiwa vidogo, vyote vina kura na wajumbe. Mjumbe aweza kuwa msimamizi wa wakfu, na aweza kuwa dalali wake. Elimu peke yake haimtengi huyu na yule. Kinachowatenga ni watu waliomtuma, kama wanajua kumwuliza hesabu.

Kwa hivyo, ndugu wanachama, twawaletea mambo matatu.

La kwanza, tusome. Mkataba wa bahari na sheria za gesi si siri. Twaomba kila tawi liwe na jioni moja kwa mwezi ya kusoma kifungu baada ya kifungu, anayejua Kiingereza awafasirie wenzake, na asiyefahamu aulize bila ya haya.

La pili, tuandike. Nyinyi manahodha mnajua majina ya miamba, mikondo na madago ambayo hayamo katika ramani yoyote. Mnajua wazee wenu walivua wapi na tangu lini. Yatieni katika daftari, kwa tarehe na kwa majina. Haki isiyo na maandishi ni kama bidhaa iliyotolewa kwa mkopo bila ya kuandikwa: mwenye duka anajua, mdeni anajua, na kadhi hawezi kumsaidia.

La tatu, tusomeshe. Kati ya watoto wetu walioko skuli, wa Mtwara na wa visiwani, achaguliwe mmoja mwenye akili na mwenye haya, achangiwe, akasome sheria ya bahari. Tusimchague kwa ukoo wake wala kwa ukali wa ulimi wake. Tumchague yule ambaye hata sasa, akitumwa dukani, hurudisha chenji yote na kusema kila senti ilikwenda wapi. Siku atakapokaa katika chumba kile ambacho mikataba husomwa, mlango ukiwa umefungwa, awe anajua kuwa nyuma yake kuna watu wenye daftari.

 Mwenye suali na aulize, na mwenye rai iliyo bora kuliko hii yetu tutamsikiliza.